Kalamu ya vifaa saba mbele ya uchafu wa Mombasa

Kalamu ya vifaa saba, seti ya kusafishia simu na laptopu, iko kwenye kila meza ya vifaa vya simu, kuanzia Digo Road hadi njia ya kuteremkia feri ya Likoni. Ni boksi dogo lenye brashi pana ya kibodi, kalamu yenye sponji upande mmoja na ncha ya chuma upande wa pili, kibano cha kung'olea vitufe, kibrashi kifupi, kichupa cha kunyunyizia skrini na kitambaa laini kilichobandikwa kwenye kizibo. Hesabu hutimia saba, ingawa ukihesabu kwa haki baadhi ya hivyo vifaa ni kitu kimoja kilichohesabiwa mara mbili. Majina kwenye maboksi ni mengi, lakini kifaa ni kilekile na kinachobadilika ni rangi tu. Muuzaji atakuambia kinasafisha simu, laptopu, spika za masikioni na kamera. Kwa spika za masikioni, kweli. Kwa hayo mengine, inategemea unasafisha wapi, na kwa mtu wa Mombasa inategemea zaidi.

Uchafu wa huku haupeperuki. Unyevu wa hewa siku nyingi za mwaka unacheza kati ya asilimia 70 na 80, na pepo za bahari, kaskazi na kusi, huleta chembe za chumvi ambazo nazo huvuta maji. Vumbi likikutana na nyuzi za kanzu ya pamba, za kikoi au za leso mpya kutoka Biashara Street ambayo bado haijafuliwa, kisha likapata mafuta kidogo ya mikono, halibaki kuwa vumbi. Linakuwa kama sufi iliyoloa, tena ya chumvi. Kupuliza hakufui dafu. Brashi laini huupangusa ule wa juu na kuushindilia ule wa ndani. Uchafu wa namna hii huchokolewa ukiwa mkavu, vipande vipande, na kalamu ya vifaa saba haina hata kifaa kimoja kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Tundu la chaji ndilo linalowapeleka watu wengi kwa fundi, kwa hiyo tulichunguze hilo vizuri. Tundu la Type-C, lile la simu nyingi za sasa, lina ulimi katikati, wenye unene wa milimita 0.7 hivi, uliobeba pini 24, yaani 12 juu na 12 chini. Kimo cha tundu lote hakifiki milimita 2.6. Ukitoa unene wa ulimi, kila upande unabaki na nafasi isiyotimia milimita moja. Kila unapochomeka kebo, kichwa chake husukuma nyuzi hadi ukutani kabisa na kuzibana. Baada ya miezi kadhaa, nyuma ya ulimi kuna kitu kigumu kama kipande cha kofia ya sufi. Kichwa cha kebo kinahitaji kuingia zaidi ya milimita 6 ili kikae sawasawa, na kikinyimwa hata nusu milimita, mambo huharibika kwa mpangilio unaojulikana. Kwanza ule mlio mdogo wa "tik" wakati wa kuchomeka hupotea. Kisha kebo inalegea. Kisha chaji ya haraka inakuwa ya polepole, kwa sababu pini ambazo simu na adapta hutumia kusalimiana kabla ya kuongeza umeme hazigusani vizuri. Mwisho simu inaingia chaji ukiipindia kebo upande mmoja tu. Kwenye simu zenye kipimo cha unyevu, kama Samsung nyingi za Galaxy, zile nyuzi zenye chumvi zinaweza kuwasha alama ya tone la maji hata kama simu haijaona maji wiki nzima.

Hapo ndipo mwenye kalamu ya vifaa saba hushawishika kutumia ile ncha ya chuma. Usiitumie. Ncha hiyo imekusudiwa ukingo wa spika za masikioni, na ndani ya tundu la chaji ina hatari mbili. Ya kwanza ni kuunganisha pini ya umeme na ya hasi, kwa kuwa zimekaa karibukaribu. Ya pili haina kishindo lakini ndiyo inayotokea mara nyingi: kukwaruza dhahabu nyembamba iliyopakwa juu ya pini. Dhahabu ikiondoka, chuma cha chini kinabaki wazi kwa hewa ya chumvi, na umeme wa volti 5 ukipita penye unyevu, pini hubadilika rangi ikawa nyeusi au kijani. Pini iliyofikia hapo hairudi kwa kusafishwa. Sindano, pini ya kutolea laini na kipande cha waya vina hukumu hiyohiyo.

Kifaa kinachoshinda seti nzima kwa kazi hii ni kijiti cha kuchokolea meno, kile cha mwanzi. Cha mti laini huvunjikia ndani, na kukitoa ni kazi kubwa kuliko uchafu wenyewe. Kijiti kizima kina kipenyo cha milimita 2 hivi, kwa hiyo hakiingii pembeni mwa ulimi bila kuulazimisha, na ulimi ukilazimishwa huvunjika. Kichonge kwa wembe, pande mbili, hadi ncha iwe bapa. Kipimo rahisi ni kadi ya benki, ambayo unene wake ni milimita 0.76: ncha yako iwe nyembamba kuliko kadi. Upana wa milimita 2 unatosha.

Zima simu kabisa, vua kava, na uwashe tochi ya simu nyingine ukiielekeza kwa mshazari. Tundu safi linaonyesha sakafu nyuma ya ulimi ikiwa bapa, yenye ukingo ulionyooka. Lenye nyuzi linaonyesha kijivu kilichofura, bila ukingo. Shika simu tundu likitazama chini ili kinachotoka kianguke. Ingiza kijiti kwa kufuata ukuta wa nje, si kwa kukwangua ulimi. Kifikishe mwisho, kisogeze pembeni, kisha ukivute nje. Fanya juu, fanya chini, kisha zile pembe mbili za mviringo ambazo hupenda kusahauliwa na ndizo huficha kipande kikubwa zaidi. Usishangae ukitoa donge la ukubwa wa punje ya mchele kwenye simu iliyokaa mwaka mzima kwenye mfuko wa kanzu. Ncha ikianza kuchakaa, ikate uchonge nyingine, maana mwanzi ukilowa unatoa nyuzi zake na unakuwa unaongeza ulichokuja kuondoa.

Kipimo cha kumaliza hakiko machoni, kiko kwenye kebo. Ichomeke: iingie hadi mwisho, itoe mlio, na usione chuma cha kichwa chake kikibaki nje. Ikiwa bado inacheza, rudi kwenye pembe.

iPhone za kuanzia mwaka 2012 hadi kabla ya 2023 zina tundu la Lightning, ambalo halina ulimi. Hizo ni rahisi zaidi: kijiti kilekile, pini 8, uchafu wote uko mwisho kabisa. Kuanzia iPhone 15 ni Type-C kama simu nyingine. Simu za tundu la zamani la micro-USB ni hadithi nyingine, kwani ulimi wake ni mwembamba mno na umeegemea upande mmoja. Hapo ni brashi kavu tu, ikishindikana mpe fundi mwenye kioo cha kukuzia.

Spiriti huja baada ya kuchokoa, kamwe si kabla. Ukilowesha nyuzi zikiwa bado ndani zinakuwa uji, uji unaingia katikati ya pini, na ukikauka unaganda. Inayotakiwa ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, inayopatikana kwa wauza vifaa vya mafundi wa simu. Ile ya asilimia 70 inafaa kupangusia nje ya simu, lakini asilimia 30 yake ni maji, na maji ndani ya tundu ndiyo tunayoyakimbia. Spiriti ya kusafishia vidonda si badala yake. Baadhi huchanganywa na mafuta ya mbarika, ambayo ni mazuri kwa ngozi na mabaya kwa pini. Kitakasa mikono kina gliserini, nacho kinaacha utando wa kunata unaokaribisha vumbi jipya. Tone moja kwenye ncha ya brashi linatosha. Sugua kidogo, weka simu tundu likitazama chini, subiri robo saa kabla ya kuchaji. Chupa yake iwekwe mbali na jiko na mbali na dashibodi ya gari. Mvuke wake unashika moto, na gari lililoegeshwa juani mwezi wa Februari si mahali pake.

Sasa tuirudishie kalamu haki yake. Sponji yake ndani ya kisanduku cha spika za masikioni hufanya kazi vizuri kuliko kijiti cha pamba, kwa sababu haiachi nyuzi. Ncha ya chuma, ikitumiwa pale inapostahili, hukwangua nta iliyoganda kwenye ukingo wa wavu. Kukwangua ni kwa ukingoni, si kubonyeza wavu kwenda ndani, na spika iwe imeinamishwa ili nta ianguke nje. Kibrashi kifupi kinafaa pia kwa wavu wa spika ya sikio juu ya skrini, ambako mafuta ya nazi, podari na jasho huungana kuwa kitu kama gundi. Simu iangalie chini, brashi ilale, mipigo mifupi ya upande mmoja. Uchafu ukikataa, tumia gundi laini ya donge, ile ya kubandikia karatasi ukutani: ibonyeze, ivute, mara tano au sita, ukibadilisha upande kila mara. Usitumie spiriti kwenye wavu huo. Mara nyingi umeshikwa na gundi, na spiriti huilainisha gundi hiyo.

Tundu dogo la maikrofoni liache. Nyuma yake kuna utando mwembamba sana, na kwenye simu zinazozuia maji kuna utando mwingine wa kuzuia maji. Kupuliza hewa kali au kuchomeka pini hupasua vyote viwili. Wako wengi waliokosea tundu hilo wakidhani ni la kutolea laini, kisha wanaopigiwa wakaanza kuuliza mbona sauti inatoka kisimani.

Kichupa cha skrini ni kizuri kikijazwa kitu sahihi. Kikija kitupu, usikijaze maji ya kisima. Visima vingi vya hapa kisiwani vina chumvi, na chumvi ikikauka kwenye kioo inaacha michirizi, kisha kitambaa kinaigeuza kuwa msasa. Nunua maji yaliyotoneshwa, yanayouzwa kama maji ya betri kwenye vituo vya mafuta na maduka ya spea. Soma chupa mara mbili, kwa sababu rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri, na ni kosa usilotaka kulifanya. Nyunyizia kitambaa, si skrini, hasa kwenye laptopu, ambako matone hukimbilia ukingo wa chini na kuingia ndani ya paneli. Dawa za madirisha zenye amonia hula utando wa kuzuia alama za vidole. Dawa ya meno, ambayo wengine huisugulia skrini, ni mchanga laini tu uliotiwa mnanaa.

Kwenye laptopu kalamu hii inakwama vibaya. Brashi pana ni nzuri kwa makombo makavu ya mahamri na vumbi la juu, ikiwa laptopu imezimwa na kuinamishwa. Tatizo ni kile kibano cha kung'olea vitufe. Kimetengenezwa kwa kibodi za mezani zenye vitufe virefu vinavyochomoka wima. Kitufe cha laptopu ni bapa na kimeshikwa na mkasi mdogo wa plastiki wenye vijino vya milimita moja au pungufu. Ukikivuta wima, vijino hukatika, na kitufe kimoja kinaweza kukulazimisha kubadilisha kibodi nzima. Kitupe au kiwe mali ya mtu mwenye kibodi ya mezani. Kwa kitufe kinachokwama, geuza laptopu kama hema, gongagonga mgongoni, kisha tumia pampu ya mpira ya wapiga picha, ile inayobonyezwa kwa mkono. Haina gesi, haina maji, haiishi, na kwa pesa yake hakuna kifaa cha kusafishia kilicho bora zaidi. Kwa MacBook, Apple wenyewe wanaelekeza kuishika kwa pembe ya digrii 75, kupuliza kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kuizungusha na kurudia pande zake.

Kuna vitu vitatu ambavyo muuzaji atakuongezea ukishika kalamu mkononi. Jeli ya rangi inayobonyezwa kwenye kibodi hufaa ikiwa mpya na baridi. Joto la huku huilegeza, ikaanza kuacha vipande chini ya vitufe, na ikilegea haifai tena hata ikirudishwa kwenye friji. Usiisogeze karibu na tundu lolote. Mkebe wa hewa unafaa ukishikwa wima. Mara nyingi ndani yake mna gesi iliyogandamizwa hadi ikawa kimiminika, inayochemka kwenye karibu nyuzi 25 chini ya sifuri, na mkebe ukiinamishwa au kutikiswa hutoa barafu badala ya hewa. Baadhi ya gesi hizo hushika moto pia. Vizibo vya mpira vya kuziba tundu la chaji vinazuia nyuzi kweli, lakini usivichomeke kwenye tundu lenye unyevu. Utakuwa umefunga chumvi na maji ndani ya chumba kimoja.

Feni ya laptopu haimo kabisa kwenye uwezo wa seti hii, na hapa inabidi kutathmini huduma badala ya bidhaa. Laptopu inayotumiwa juu ya kitanda, kwenye jamvi au chini ya pangaboi linalozungusha vumbi siku nzima hunyonya nyuzi kwa chini. Nyuzi hupita kwenye mapanga ya feni na kukwama kwenye mapezi membamba ya shaba au alumini yanayotoa joto. Hapo hujifuma zulia. Feni inapiga kelele, hewa haitoki, na prosesa ikikaribia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguzia kasi yenyewe. Mwenye laptopu hudhani ni virusi.

Mji umejaa mafundi wanaotoa huduma ya "kupiga hewa". Ubora wake unatofautiana kama usiku na mchana, na tofauti huonekana kabla kazi haijaanza. Akichukua mpira wa kompresa na kupuliza kupitia matundu ya pembeni bila kufungua, umeuziwa upepo. Zulia linarudi nyuma kwenye feni, na baada ya wiki mbili limejifuma upya. Kompresa ya pancha ina ubaya wake mwingine: tangi lake kwenye hewa yenye unyevu hivi hukusanya maji, na pampu yake huchanganya mafuta kidogo. Usipoona chujio la maji kati ya tangi na mpira, chukua laptopu yako. Feni ikizungushwa na hewa hiyo kwa kasi kuliko ilivyoundwa, beringi zake huumia na mota inageuka jenereta ndogo inayorudisha umeme kwenye bodi.

Kazi nzuri ina sura hii. Kifuniko cha chini kinafunguliwa, na skurubu zinapangwa kwenye karatasi kwa nafasi zake, kwani skurubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu fupi hutoboa au kuvimbisha plastiki ya upande wa kibodi. Betri inachomolewa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Feni inazuiwa kwa kijiti isizunguke. Zulia linatolewa kwa kibano, likiwezekana kwa kipande kimoja, na hewa inapulizwa kutoka kwenye mapezi kurudi ndani ya feni, kinyume cha njia ya kawaida. Mapanga yanapanguswa kwa brashi yenye spiriti. Ikiwa bomba la joto, lile linalobeba joto la prosesa, limeinuliwa, pesti ya zamani ya kupitishia joto lazima ifutwe yote na mpya iwekwe, kiasi cha punje ya mchele au mbaazi ndogo kulingana na ukubwa wa prosesa. Kurudishia bomba juu ya pesti kuukuu iliyokauka ni kuharibu kilichokuwa kinafanya kazi. Kazi hii haiwezi kuisha kwa dakika tano. Kwa laptopu ya kawaida, dakika 40 hadi saa moja ni muda wa haki.

Kabla ya kulipa, iwashe palepale na ufungue programu ya kupima joto, kama HWiNFO kwenye Windows. Ikiwa imetulia bila kazi kwenye chumba chenye joto la nyuzi 30, prosesa kuwa kati ya 45 na 55 si jambo la kulalamikia. Kinachotakiwa ni hewa ya moto kutoka pembeni kwa nguvu ukiipa kazi, na kipimo kisipande hadi 95 ndani ya dakika mbili. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye mapezi, hiyo ni kutu ya chumvi, si vumbi. Fundi mkweli atakuambia kusafisha kutapunguza tu.

Kalamu yenyewe, basi: nne kati ya tano kwa mwenye spika za masikioni, mbili kati ya tano kwa mwenye laptopu, na moja kwa anayeinunua kwa ajili ya tundu la chaji. Pampu ya mpira, pakiti ya vijiti vya mwanzi, brashi ya mswaki wa mtoto na chupa ndogo ya isopropili hufanya zaidi. Mwenye kanzu au kikoi achunguze tundu kila baada ya miezi miwili. Dereva wa tuktuk anayechomeka na kuchomoa kebo siku nzima, kila mwezi. Laptopu ya sakafuni ifunguliwe kila miezi sita, ya mezani mara moja kwa mwaka.

Na ukiambiwa "mfumo wa chaji umekufa" kabla ya mtu kuangalia ndani, mwombe fundi akuonyeshe kwa tochi. Jaribu kebo yako kwenye simu nyingine, na kebo nyingine kwenye simu yako. Ikiwa tundu ni safi, kebo inaingia hadi mwisho na bado haishiki, tazama pini: iliyogeuka nyeusi au ulimi uliopinda ndiyo sababu halali ya kubadilisha. Kwenye simu nyingi za Tecno, Infinix na Samsung za mfululizo wa Galaxy A, tundu liko kwenye bodi ndogo ya chini iliyo peke yake, na hubadilishwa yote kwa muda mfupi bila kugusa bodi kubwa. Uliza kama hiyo bodi ndogo inakuja na maikrofoni yake, maana mara nyingi ziko pamoja, na ya bei rahisi huleta chaji ikaondoka na sauti.